Majina Niliyowapa Vyura

Machi 4

Mwanangu amenipa daftari. Anasema, "Baba, hayo maneno unayonimwagia nikiwa kwenye cherehani, yamwage humu. Jana nimeshona mkono wa blauzi mahali pa shingo kwa sababu yako." Haya, namwaga. Mwandiko wangu usichekwe. Shule niliiachia darasa la nne, maana mimi na mwalimu tulikosana jambo moja tu: yeye alitaka nije.

La leo ni hili. Binti yangu huyu huyu amepangisha chumba cha uani bila kuniuliza. Chumba kile ndimo ninamokaushia mafunjo. Kazi yangu ni mafunjo: nayakata bondeni nyuma ya nyumba, kwenye kipande changu pale maji yanapotulia, nayakausha, nasuka majamvi. Bila bonde mimi ni mzee anayetembea na mundu tu, na mzee wa namna hiyo watu humkimbia.

"Sitaki mpangaji," nikasema.

"Ameshaingia, baba. Ni daktari."

Hapo nikalegea kidogo, maana goti langu la kulia linanitesa. Nikatoka uani, nikavuta suruali juu, nikamwonyesha. Mwanamke wa makamo, kilemba, mabuti ya mpira hadi magotini. Akalitazama goti kwa heshima zote, akasema, "Pole sana, mzee. Mimi ni daktari wa vyura."

Sijawahi kufunika goti kwa haraka namna ile.

Anasema ametumwa masika yote aangalie viumbe gani wamo bondeni na wepi wako hatarini kwisha. Mimi watu hawa nawajua. Ng'ambo ya mto walikuja wa kuhesabu ndege. Wakahesabu, wakashukuru, wakaondoka. Nyuma yao wakaja wa waya, wakazungushia uzio. Leo ukitaka kuni ng'ambo unaomba ruhusa kama unaposa. Basi mwenye kuhesabu akija, mwenye waya yuko njiani na nyundo yake.

Machi 5

Mvua. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Shikamoo ni mtego, huwezi kuikataa hata ya adui.

Machi 9

Shemeji alikuja saa ya chai. Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu, na saa ya chai haimpiti hata akiwa na homa. Alikuja na mwavuli wake uliovunjika ubavu mmoja, ule unaomlowesha bega la kushoto tu. Tulikuwa tumekaa barazani tukimsema Daktari wa Vyura alipotokea mwenyewe na ndoo nne zenye vifuniko.

"Mzee, nisaidie. Hawa mnawaitaje hapa?"

Ukweli ni kwamba hapa chura ni chura. Mkubwa ni chura mkubwa. Lakini Shemeji alinikonyeza, na mimi mtu akinikonyeza sijiwezi.

Ndoo ya kwanza alikuwemo chura macho yamemtoka kama yuko mlangoni kwa watu. Nikasema, "Jirani-naona."

Ya pili, mwembamba wa kijani. Alikuwa akilia, tulipoinama akakata kama redio iliyochomolewa. "Huyo ni Mkwe-kaja. Mkwe akiingia, nyumba nzima kimya."

Ya tatu, wa duara. Alipomgusa kwa kidole akavimba akawa mpira. "Msomi-bure," nikasema.

Akanitazama. "Msomi-bure?"

"Ndivyo wazee walivyomwita. Ukimgusa anavimba, ndani upepo mtupu."

Ya nne, jitu. Walikuwemo wawili asubuhi, Daktari akasema kwa masikitiko, sasa yumo mmoja na mguu wa mwenzake unaning'inia mdomoni. Nikainua kikombe. "Huyo hata mtoto mchanga anamjua. Shemeji-hashibi."

Shemeji alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Daktari akaandika yote, uso mkavu kama jamvi la kiangazi. Akatushukuru. Akaondoka na ndoo zake.

"Ameandika!" Shemeji akapiga paja lake. "Shemeji yangu, ameandika Msomi-bure kwa mkono wake mwenyewe!"

Sijacheka hivyo tangu nilipofiwa.

Machi 13

Mvua. Nyingine tena.

Machi 17

Nimegeuza mfereji wa bati. Maji yote ya paa sasa yanamwagika mbele ya mlango wake. Ajifunze kuishi na vyura kikamilifu.

Jioni. Yeye amekinga ndoo zake chini ya mfereji na kunishukuru mbele ya mwanangu kwa kumletea maji safi ya mvua mpaka mlangoni, eti ya kisima yanawachubua ngozi wagonjwa wake. Mwanangu akaniambia, "Baba, umefanya vizuri." Nimerudisha mfereji ulipokuwa.

Machi 18

Ananiomba niugeuze tena. Sitaki.

Machi 26

Jua dogo, mvua kubwa.

Shemeji alipeleka kichekesho chetu kibandani kwa muuza chai, muuza chai akawapa wateja, na leo watoto wanaotoka shule wanapita barazani wakiimba: "Shemeji-hashibi! Kamla mwenzake! Mguu uko nje!" Shemeji alikuwa amekaa hapa hapa, mkate mdomoni. Akauweka chini.

"Umenipaka matope," akasema.

"Si tulicheka wote?"

"Tulimcheka yeye. Hukuniambia nami nimo ndani ya ndoo."

Akaondoka na mwavuli wake. Mkate akarudi kuufuata, lakini hakukaa.

Machi 30

Bondeni wakata mafunjo nao wamenogewa. Mama Mundu, kiongozi wao, mwanamke asiyecheka hata akitekenywa, nimemsikia akimwambia mwenzake, "Usikanyage hapo, utamkanyaga Msomi-bure, atajivimbisha tukose kazi." Nikaona fahari. Nikaficha.

Aprili 2

Daktari aliniita kwenye mlango wake. Chumba changu! Kuta zimejaa picha za vyura, na kwenye kamba yangu ya mafunjo anaanika soksi. Akanionyesha ndoo.

"Mzee, na huyu?"

Chura macho nje. Nikajikuna. Kichwa cha mzee ni kama mfuko wa suruali yake, vitu vinatoka hujui lini. "Huyo… Mpelelezi."

"Mpelelezi."

"Ndiyo. Wa tangu babu."

"Mwezi uliopita huyu huyu ulisema ni Jirani-naona."

Nikakohoa. Goti nalo likauma ghafla. "Ana majina mawili, binti. La nyumbani na la shule."

Pembe ya mdomo wake ikatikisika, mara moja tu. Akaandika. Akasema, "Asante, mzee. Sasa nimeelewa vizuri." Sikuipenda ile "vizuri."

Aprili 8

Mvua, goti, mvua.

Aprili 11

Kuna bango limesimamishwa njia panda ya bondeni. Nimelisoma mwenyewe, herufi baada ya herufi, kama mtu anayekanyaga miiba. Linasema ARDHI TUPU. Chini yake linasema kampuni imeomba kulifukia bonde kwa kifusi, ijenge maghala. Mwenye pingamizi afike mkutanoni mwezi ujao mbele ya Afisa wa Ardhi.

Tupu! Nimekata mafunjo hapo tangu sina ndevu. Mke wangu alianza kunichukia hapo, akanipenda hapo hapo. Nikatazama bonde: mafunjo yamesimama kimya kwenye mvua kama watu waliosimamishwa foleni bila kuambiwa ya nini.

Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari. Sikubisha hodi, mlango ni wangu.

"Hii ndiyo kazi yako! Umehesabu, sasa wenye kifusi wanakuja!"

Alikuwa anapima chura kwa rula. Hakuinua kichwa. "Funga mlango, mzee, watatoka."

"Sitaki kufunga!"

"Basi wakitoka utawakamata wewe." Akamrudisha chura ndooni, akanawa mikono taratibu, akanitazama. "Kampuni iliomba kabla sijaja. Serikali ikanituma niseme bonde lina nini kabla hawajaamua. Wakiamini ni tupu, linafukiwa. Kiangazi hiki hiki. Mimi ndiye niliyetumwa kusema si tupu. Na wewe ukanimwagia maji mlangoni."

Nikafunga mlango bila kuambiwa tena. Hutokea mara chache. Mwanangu angekuwepo angeandika tarehe.

"Nitawaambia wamo viumbe gani," akaendelea. "Wamo wawili ambao hatujui kama wamebaki kwingine. Na nitasema watu wa hapa wanawajua kwa majina. Majina yako, mzee, yatasomwa mbele ya watu wote." Akafunika ndoo. "Kama kuna la kurekebisha, ni vizuri useme mapema."

Nikasema chumba kinanuka. Nikaondoka.

Aprili 12

Sikulala. Njia ya mwongo fupi, walisema, lakini hawakusema kwamba inapita katikati ya shamba lake mwenyewe.

Aprili 13

"Shikamoo, mzee." Marahaba ilinikwama kama mwiba wa samaki.

Aprili 19

Mama Mundu alikuja alfajiri, matope hadi kiunoni, kifungu cha vijiti begani. Akavitupa barazani. Vigingi, vichwa vimepakwa rangi nyekundu.

"Wameanza kupima kabla ya mkutano," akasema. "Tulikuwa tunakata upande wa juu, giza bado. Mkwe-kaja wanalia vizuri tu, mara upande wa chini wakakata. Kimya. Nikawaambia wenzangu, kuna mtu. Tukazunguka. Watu watatu, wawili na nyundo, mmoja anawaonyesha njia."

"Mlimwona?"

"Alikimbia. Tuliona mwavuli tu." Akanitazama kwa yale macho yake ya kukata. "Bega moja lilikuwa linalowa."

Nikamwambia miavuli mibovu mjini ni mingi. Akasema, "Ndiyo. Mashemeji ndio wachache." Akachukua vigingi vyake akaenda.

Aprili 23

Shemeji amekuja. Si saa ya chai. Ana viatu vipya vya ngozi na mwavuli mpya, mweusi, mzima, wa kufunguka kwa kubonyeza. Aliubonyeza mara mbili nisije nikapitwa.

"Nitakuwa mkuu wa walinzi wa maghala," akasema. "Kofia, filimbi, kila kitu. Nawe nitakutafutia nafasi getini, utakaa kwenye kiti."

"Sitaki."

"Unataka nini? Matope? Ndugu yangu, dada yangu alikufa akikohoa unyevu wa bonde hili, nawe bado unalibusu."

Hilo lilinichoma, maana ni kweli alikohoa. Nikamwambia dada yake alipenda bonde kuliko alivyompenda yeye, na kuliko alivyonipenda mimi pia wiki nyingine. Akasimama.

"Basi sikiliza. Huyo Daktari wenu atawaambia wakubwa kwamba watu wanawajua viumbe wa bonde kwa majina ya asili. Nami nitawaambia nilikuwepo. Nilikunywa chai wakati unayatunga. Nitawaambia jitu lile uliliita kwa jina langu, kunifedhehesha. Tuone kama watamsikiliza tena msomi aliyeandika matusi ya mlevi."

"Mimi sinywi."

"Ndiyo maana aibu itakuwa kubwa zaidi."

Akabonyeza mwavuli, na hata mvua haikuwepo.

Aprili 24

Nilikwenda mlangoni kwa Daktari nimwambie. Nilibisha hodi, kwa mara ya kwanza tangu aje. Akafungua. Nikafungua kinywa. Kikasema, "Soksi zako zinaoza kamba yangu."

"Ni hilo tu, mzee?"

"Ni hilo tu."

Aprili 25

Nilikwenda tena. Safari hii nililalamikia kilemba.

Aprili 29

Mvua ya mawe. Mwanangu ananiuliza mbona siongei. Nimemwambia si ulinipa daftari.

Mei 3

Nimekaa niandike yote sasa, kabla watu hawajanisimulia vingine.

Mkutano ulikuwa katika darasa la shule, madawati ya watoto, magoti yetu wazee masikioni. Mbele alikaa Afisa wa Ardhi, mwanaume mpole mwenye mafua. Kulia Wakili wa kampuni, suti, marashi yaliyofika kabla yake. Nyuma yake Shemeji, mwavuli mapajani kama mtoto wa kubatizwa. Kushoto Daktari, mabuti yake, ndoo zake. Wakata mafunjo walijaa nyuma, wamesimama, wananuka bonde.

Daktari alisema vizuri. Siwezi kuandika yote. Alisema bonde ni kama chujio linalochuja maji ya kisima chetu. Alionyesha vyura, akasema wawili hawa wakifukiwa hapa, huenda ndio mwisho wao. Hakutaja jina hata moja. Nikaanza kupumua.

Wakili akasimama, akatabasamu kwa meno yote. "Wazee wetu wana msemo: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Watu wa suti wakacheka.

"Sisi si ng'ombe," sauti ya Mama Mundu ikatoka nyuma. Watu wa matope wakacheka zaidi.

Wakili akageuza ukurasa. "Nasikia mtaalamu wetu amekusanya majina ya asili. Shemeji-hashibi. Msomi-bure. Ni kweli, Daktari?"

"Ni kweli."

"Aliyekupa yuko humu?"

Macho yote yakanipata. Nilijaribu kujificha kwenye dawati la mtoto. Halifichi hata mtoto.

"Mzee, simama. Jina Msomi-bure ni la tangu lini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema la kale, Shemeji yuko tayari, nimemwona akifungua kinywa. Nikisema la juzi, nimemzika Daktari na bonde juu yake. Jasho likaniteremka hadi kwenye goti bovu.

"Sitaki kujibu," nikasema.

"Hataki!" Wakili akafurahi. "Mheshimiwa, tuna shahidi atakayesema kwamba majina haya ni mzaha uliotungwa barazani, kwa vikombe vya chai. Na huyu mtaalamu akaumeza mzima mzima, kama yule chura wake. Kama hakuweza kumjua mzee mwongo aliyekaa mbele yake, ataweza kumjua chura gizani?"

Shemeji akatikisa kichwa kukubali.

Daktari akasimama. Hakuharakisha. "Wakili ameniokolea muda. Majina yametungwa masika haya. Aliyeyatunga ni baba mwenye nyumba wangu, na aliyatunga kwa nia mbaya." Darasa likapasuka kwa kicheko, mimi nikatafuta shimo. "Nilijua tangu siku aliponipa chura mmoja majina mawili, eti la nyumbani na la shule. Nimewaandikia hivyo hivyo wakubwa wangu. Nimesubiri aniambie mwenyewe. Alikuja mara mbili, akanilalamikia soksi na kilemba."

"Basi ni takataka," akasema Wakili.

"Niliandika na lingine. Tangu mwezi wa nne nimekuwa nikiwasikiliza wakata mafunjo bondeni. Majina yale wanayatumia kazini. Jina halina umri wa kuanzia kazi, Mheshimiwa. Waulize wenyewe."

Afisa akapenga kamasi, akasema, "Yupo anayejua huyu ni nani?" Akainua ndoo ya yule chura wa kijani.

Mama Mundu hakusubiri kuitwa. Alipita katikati ya madawati na kifungu chake begani. Akasema hampendi huyu mzee mwenye mdomo, wala huyo Daktari anayewafukuza wanapokata. "Lakini huyo ni Mkwe-kaja. Akilia, endelea na kazi. Akinyamaza, mtu kaingia. Tulipokuwa hatuna jina lake kila mmoja alisikia peke yake na kuogopa peke yake. Sasa mmoja anasema 'Mkwe kaja,' na wote tunainuka. Ndivyo tulivyopata hivi."

Akafungua kifungu. Vigingi vikamwagika mezani, vichwa vyekundu, kimoja kikamviringikia Wakili hadi kwenye kalamu yake.

"Alfajiri, wiki mbili kabla ya mkutano," akasema. "Nani aliwaruhusu kupima ardhi ambayo bado mnaiomba?"

Afisa akaacha kupenga kamasi. Akachukua kigingi, akakigeuza, akasoma alama ya kampuni iliyochomwa ubavuni. "Wakili?"

Wakili akasema hana taarifa. Akasema huenda ni wahuni. Mama Mundu akasema wahuni wawili hawajui, ila wa tatu aliyewaonyesha njia ana mwavuli uliovunjika ubavu.

Shemeji akainua mwavuli wake kwa haraka. "Huu ni mzima! Angalieni! Ule mbovu nimeutupa tangu siku ile!"

Nadhani alisikia maneno yake yalipokuwa tayari yako hewani, maana alinyoosha mkono kama wa kuyadaka. Mwavuli ukabonyezeka wenyewe, ukafunguka darasani, puu! Watoto waliokuwa madirishani wakaanza: "Shemeji-hashibi! Mguu uko nje!"

Sikucheka. Naandika ili ijulikane: nilitaka, lakini sikucheka. Alikuwa akitazama nafasi tupu kando yangu, kama ile anayokaa barazani saa ya chai, au labda alikuwa anatazama ukuta tu.

Mei 4

Mvua. Kikombe chake nimekiosha, nimekigeuza juu chini.

Mei 16

Uamuzi umetoka. Maombi ya kampuni yamekataliwa. Bonde halifukiwi. Wakata mafunjo wanabaki. Waya hakuna. Mwanangu alipiga vigelegele mpaka sindano ya cherehani ikavunjika.

Kisha Daktari akaja na ramani.

"Kuna sehemu moja, mzee. Mkwe-kaja wanataga mayai kwenye mashina ya mafunjo, pale maji yanapotulia. Pale pasikatwe masika. Kiangazi ruhusa."

Nikatazama kidole chake kilipo. Ni kipande changu. Chote.

"Bonde zima, na wao wametaga kwangu?"

"Maji yako yametulia kuliko mengine."

"Na wewe umeandika? Unalala chini ya bati langu, unaanika soksi kwenye kamba yangu, ukaandika kipande changu?"

"Nimeandika walipo. Ningeandika pengine, ningekuwa natunga majina."

Nikasema sitaki. Nikasema tena kwa sauti, majirani wasikie. Sitaki! Sitaki! Nilitembea uani kutoka ukuta hadi ukuta nikilisema. Yeye alisimama kwenye mvua akinisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyowasikiliza wale wagonjwa wake.

"Nimekusikia, mzee," akasema mwishowe. "Nakusikia hata ukiwa hupo."

Sikumwelewa.

Mei 17

Shikamoo nimeijibu kwa kichwa.

Mei 28

Mvua inaishia, leo imekuja kama mgeni aliyesahau kofia, ikachukua chake, ikaenda.

Bango la ARDHI TUPU limeng'olewa. Mahali pake wakata mafunjo wamesimamisha ubao wao, fundi wa mabango kachora vyura, chini ya kila mmoja jina. Nilikwenda kuusoma watu wakiwa wamekusanyika. Jirani-naona. Mkwe-kaja. Msomi-bure, na pembeni Daktari amesimama akivumilia. Kwa Shemeji-hashibi wameandika maneno zaidi: kwamba dume lake huwalinda watoto wake kwenye dimbwi, na dimbwi likianza kukauka huwachimbia mfereji kwa miguu ili maji yawafikie. Hilo sikulijua. Nilimpa jina kwa mdomo tu, sikumtazama miguu. Nimelisoma mara mbili.

Mwisho kabisa kulikuwa na chura ambaye sikumpa jina. Kijichura kidogo, rangi ya udongo, ameng'ang'ania bua la funjo. Daktari akasema huyu haonekani kirahisi, husikika tu. Na kwamba aliwauliza wakata mafunjo jina lake, wakamjibu wote kwa pamoja.

Nikakanyaga herufi moja moja. B. A. B.

BABU-SITAKI.

"Analia taki-taki-taki," akaeleza Mama Mundu, uso mkavu. "Masika yote. Ukimsogeza, taki. Ukimwacha, taki. Na bua haliachii."

"Jina gani hilo?" nikafoka. "Liondoeni! Sitaki!"

Ndipo Mama Mundu, mwanamke asiyecheka hata akitekenywa, alipokaa chini kwenye matope akashika mbavu. Daktari wa Vyura aligeuka akatazama mbali, mabega yakimtikisika. Nami nikasimama pale, kila neno nililotaka kusema likianza kwa herufi ile ile.

Juni 1

Jua. Nimekaa siku nzima bila kulisema. Mwanangu aliniuliza kama nataka chai. Nikasema hapana. Akaangua kicheko vile vile.

Juni 3

Nimemtuma mtu ampelekee Shemeji maneno ya kwenye ubao, yale ya mfereji na watoto. Hajajibu. Leo saa ya chai alipita njia ya mbali, bila mwavuli.

Juni 6

Daktari ameondoka asubuhi. Ndoo zake, mabuti yake, picha zake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Akasubiri, labda nitaongeza neno. Nikamwambia soksi moja ameisahau kwenye kamba. Akasema iache, itanifukuzia nzi.

Mchana nilikwenda kipande changu na mundu, maana sasa ni kiangazi na ruhusa ninayo. Nikakata, nikabeba, nikaenda kukirudishia chumba kazi yake. Harufu bado ile ile. Nilipoegemeza mzigo wa kwanza ukutani, kitu kikalia kwenye pembe, chini ya dirisha. Kidogo, rangi ya udongo. Sijui alitoroka ndoo gani.

Nikachukua ufagio nimtoe. Nikamsogeza kidogo. Akaniambia neno langu mwenyewe, machoni, bila haya.

Nikarudisha ufagio. Mafunjo nikayaegemeza upande wa pili.

"Baba," mwanangu akaita kutoka kwenye cherehani, "chumba cha uani nikipangishe tena?"

Nikamwambia kina mtu.